Anzia Mwisho wa Mtaro

Mitaro ya Dar es Salaam husafishwa zaidi siku moja: ile inayofuata mvua kubwa ya kwanza. Asubuhi hiyo kila mtu yuko nje na koleo, suruali imekunjwa hadi magotini, zulia la sebuleni limeanikwa ukutani na kitanda kimepandishwa juu ya matofali. Kazi inayofanyika hapo ni ya kuokoa mali. Kutunza mtaro ni kazi ya kiangazi, hasa Januari na Februari, vuli ikishapita na masika hayajaingia. Udongo ni mkavu, vibarua wanapatikana, na kila ufa unaonekana. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa masika kabla mvua hazijaanza, na kila mwaka watu hubishana vijiweni kama utatimia. Kwa mwenye nyumba ubishi huo hauna faida. Mvua za msimu ziwe juu ya wastani au chini yake, nyumba huharibiwa na siku moja au mbili tu, na mtaro ulioziba haujui wastani.

Tupige hesabu kwanza, maana wengi wanaodharau mtaro hawajawahi kuhesabu maji yanayotoka kwenye bati lao wenyewe. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Nyumba yenye paa la mita 10 kwa 12 ina mita za mraba 120 za bati. Ikinyesha mvua ya milimita 50, ambayo masika huweza kuimwaga kwa siku moja, paa hilo litashusha lita 6,000, yaani matangi sita ya lita 1,000. Hapo uwanja hujauhesabu. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 kitapokea, nyumba ikiwemo, lita 30,000. Ni sawa na kuita maboza matatu ya lita 10,000 yaje yafungulie koki uani kwako siku hiyo hiyo. Sehemu yake itanywewa na ardhi, kama ardhi ipo. Inayobaki inatafuta pa kutokea, na isipopata itaingia ndani.

Kwa hiyo kabla ya kushika koleo, toka getini ujibu swali moja: maji ya kiwanja hiki yanaishia wapi? Majibu ya kweli ni matatu. Yanaishia kwenye mtaro wa barabara, au kwenye korongo au mto, au yananywewa na udongo humo humo kiwanjani. Lipo jibu la nne ambalo hakuna anayelitamka, nalo ni kwa jirani. Ukishindwa kuonyesha kwa kidole mahali maji yanapotokea, mtaro wako hauna kazi hata kama umepigwa lipu na kupakwa chokaa.

Hapo ndipo kazi inapoanzia, mwishoni. Wengi huanza kuzibua pale panapowaudhi, karibu na mlango wa jikoni, halafu wanateremka. Wakifika nusu ya njia wamechoka, na matope yote waliyoyalegeza juu yamekwenda kukaa chini. Anza kwenye mdomo, pale maji yako yanapokutana na mtaro wa barabara, upande nao kuelekea nyumbani. Ukizibua chini kwanza, kila unachokitikisa juu kina njia ya kupita. Mara nyingi utagundua kwamba tatizo lote lilikuwa pale mdomoni: mtaro wa barabara umejaa mchanga hadi usawa wa tundu lako, na maji yako hayana pa kuteremkia.

Mtaro wa barabara si wako, lakini ni wako pia. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017, na zile kuu ziko chini ya TANROADS. Kuchimba mchanga na kutoa takataka mbele ya geti lako hakuna atakayekukataza. Kuvunja ukingo wake ili uunganishe mtaro wako, au kupitisha bomba chini ya barabara, ni jambo la kuomba kibali, na mahali pa kuanzia ni ofisi ya serikali ya mtaa. Na usikubali fundi akushawishi kufungua chemba ya majitaka iliyo karibu ili umwagie humo maji ya mvua. Mabomba ya majitaka hayakupimwa kwa maji ya paa. Yakizidiwa, kinyesi hupanda kupitia choo cha mtu aliye chini yako.

Kuna kitu kimoja mtaani kinachoziba mitaro kuliko takataka, na hakisemwi kwa sababu kila mwenye gari anacho: kidaraja cha kuingilia getini. Mtu anajenga nyumba ya mamilioni, akifika kwenye kidaraja anaokoa fedha kwa kulaza bomba jembamba juu ya mtaro mpana, kisha anamwaga zege. Maji ya nyumba ishirini zilizo juu yake yanafika hapo na kukuta tundu la kupitisha kichwa cha paka. Tawi moja na chupa tatu za plastiki vinatosha kulifunga. Kipimo changu ni chepesi: kama koleo haliingii kwenye bomba, bomba hilo halisafishiki, na lisilosafishika litaziba. Kidaraja kizuri kina upana na kina kile kile cha mtaro unaopita chini yake, na juu yake kuna mifuniko ya zege yenye nondo inayoweza kunyanyuliwa na watu wawili. Ukikirithi kibovu, kivunje kiangazi. Kukiacha ni kuwafanya wa juu yako wakulipie gharama kila masika.

Ukisharudi ndani ya uzio, angalia sakafu ya mtaro. Mtaro wa saruji ulio kavu unaeleza mwenyewe ulivyofanya kazi msimu uliopita. Pale mchanga ulipolala kwa unene sawasawa, maji yalipoteza kasi. Pale majani mabichi yalipoota katikati ya kiangazi, kuna maji yanayovuja, ama bomba la bafu limepasuka ama karo limejaa. Kwenye kona kali utakuta lundo la mchanga upande wa ndani na saruji iliyolika upande wa nje. Kona ya namna hiyo ivunjwe na izungushwe taratibu; maji hayapendi kukunja nyuzi 90. Na ukiona mstari mweusi ukutani mwa mtaro, huo ndio usawa ambao maji yalitulia. Upime kutoka chini. Mtaro uliojengwa vizuri hauna mstari kama huo.

Maji yanatulia kwa sababu mtaro hauna mteremko, au unao lakini umezama katikati. Jicho hudanganya, hasa kwenye kiwanja kinachoonekana tambarare. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, wenye urefu unaozidi mtaro wako, uujaze maji na uhakikishe hakuna mapovu. Mtu mmoja ashike ncha moja mwanzo wa mtaro kando ya mti uliochomekwa, mwingine ashike ncha ya pili mwishoni. Yakitulia, maji katika ncha zote mbili yako usawa mmoja hata kama mpira umepinda mara ngapi katikati. Wekeni alama kwenye miti yote miwili, kisha kila mmoja apime kutoka kwenye alama kwenda chini hadi sakafu ya mtaro. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo mteremko wako. Sentimita 1 kwa kila mita ni mteremko mzuri: mtaro wa mita 15 uwe umeshuka sentimita 15. Ukishuka nusu ya hapo, bado maji yatakwenda ikiwa sakafu ni laini na inasafishwa. Chini zaidi ya hapo umejenga bwawa refu.

Umbo la sakafu nalo lina kazi yake. Mafundi wengi hupiga kitako cha bapa kwa sababu ni rahisi. Kitako cha bapa hutawanya maji machache ya kila siku yakawa utando mwembamba usio na nguvu, na mchanga unabaki. Kitako cha mviringo, au chenye umbo la V, hukusanya maji hayo machache katikati yakapata kasi ya kusukuma uchafu wake yenyewe. Hata mtaro wa zamani unaweza kurekebishwa: mfuko mmoja au miwili ya saruji, mchanga, na chupa ya bia ya kusugulia ule mviringo.

Kabla maji hayajatoka kwenye kiwanja, weka kishimo cha kunasia mchanga. Ni sehemu ya mtaro iliyochimbwa chini zaidi kwa sentimita 30 hivi, pana kiasi cha koleo kugeuka ndani. Maji yakifika hapo hupunguza kasi, mchanga hushuka, na maji hutoka mepesi. Kuchota mchanga kwenye kishimo kimoja ni kazi ya dakika chache. Kuuchimbua katika mita 20 za mtaro ni kazi ya siku. Ila kishimo hicho kiwe na mfuniko, na katika vipindi vya jua kichotwe maji yaliyobaki, la sivyo umewajengea mbu nyumba. Wavu wa nondo unaowekwa mdomoni kuzuia chupa na mifuko ni mzuri kwa sharti moja: uwe na mtu wa kuusafisha kila baada ya mvua. Wavu usio na mtu ni ukuta.

Uchafu uliotolewa upelekwe mbali siku hiyo hiyo. Desturi yetu ya kuutandaza ukingoni mwa mtaro ukauke inashangaza. Mvua inayofuata inaurudisha wote, na aliyefanya kazi anaona amerogwa. Mchanga safi unaweza kufukia mashimo ya uwanja. Tope jeusi lenye harufu lisiwekwe kwenye tuta la mchicha wala matembele, kwa sababu humo mna kila kilichomwagwa na mtaa mzima. Anayefanya kazi hiyo avae mabuti na glavu, na mwenye kidonda mguuni asiingie kabisa. Mkojo wa panya uliomo kwenye maji ya mitaro unaambukiza homa ya mgunda, na kidonda ni mlango.

Tukaribie nyumba sasa. Chuchumaa chini ya ukingo wa bati, pale ambapo nyumba haina gata, uangalie ardhi. Utakuta mstari wa vishimo vilivyochimbwa na matone, vimepangana kufuata migongo ya bati. Inua macho utazame ukuta: matope yamerukia hadi kimo fulani, mara nyingi kama futi moja. Juu kidogo ya hapo rangi imevimba, na ukiibonyeza kwa kidole inapasuka na kutoa unga mweupe. Hiyo ni chumvi iliyosafirishwa na unyevu kutoka ardhini kupitia kwenye tofali. Kupaka rangi upya bila kuondoa maji ni kutupa fedha. Itavimba tena kabla ya masika yajayo. Ndani ya chumba hicho kabati lililoegemezwa ukutani lina harufu ya ukungu, na wenyeji wanasema ni chumba chenye baridi.

Dawa zake ni mbili na zinakwenda pamoja. Ya kwanza ni ardhi iliyo jirani na ukuta iteremke kwenda nje. Katika mita 3 za kwanza, ishuke sentimita 15. Pasipo nafasi hiyo, piga mkanda wa zege kuzunguka nyumba, upana wa sentimita 60 hadi 90, ukiinamia nje. Upana wake uvuke mahali matone yanapoangukia. Mkanda unaoishia ndani ya mstari wa matone ni pambo. Ufa unaojitokeza kati ya mkanda na ukuta uzibwe kila mwaka kwa saruji na mchanga, kwa sababu ndiyo njia ya mkato ya maji kwenda kwenye msingi. Ya pili ni kuacha kulundika udongo ukutani. Wapenda maua wanajenga vitalu vinavyoegemea nyumba, wanavijaza udongo na samadi, na kila jioni wanamwagilia. Juu ya msingi fundi aliweka tabaka la kuzuia unyevu usipande. Udongo ukipita juu ya tabaka hilo, unyevu haupandi tena kutoka chini, unaingia kwa ubavu. Udongo ubaki angalau sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu ya ndani, na maua yasogezwe mbele.

Kama nyumba ina gata, basi gata ni mtaro wako wa kwanza na ndio unaosahaulika zaidi kwa kuwa uko juu. Panda ngazi kabla ya masika utoe majani ya mwarobaini na maembe yaliyoozea humo. Mwaga ndoo moja mwanzoni utazame: kama maji yanabaki katikati, vishikizo vimelegea. Mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita 3 unatosha. Bomba la kushushia maji lisiishie hewani wala miguuni pa ukuta. Maji ya nusu ya paa yakishuka sehemu moja yanachimba shimo kubwa zaidi pembeni ya msingi kuliko matone yote ya upande mwingine. Liingie moja kwa moja kwenye mtaro au kwenye tangi, na tangi likijaa, bomba lake la ziada nalo liwe na pa kumwagia. Nimeona nyumba nyingi zenye tangi zuri la kuvunia maji ambalo likijaa humwagikia pale pale kwenye kitako chake, hadi jukwaa likainama.

Gata linalotuama lina ubaya wa pili. Mbu wa dengi, Aedes, hutaga kwenye maji masafi yaliyotulia: gata, tairi, kopo, kisahani cha chungu cha maua. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena mwaka 2019, na mbu huyo huuma mchana, chandarua kikiwa kimefungwa. Kulex, anayetunyima usingizi, hupenda maji machafu ya mitaroni na kwenye makaro yasiyofunikwa. Anofelesi wa malaria hupendelea vidimbwi visivyo vichafu sana vinavyopigwa jua. Kwa joto letu, yai huweza kuwa mbu mzima kwa muda wa wiki moja au zaidi kidogo. Ndiyo maana kanuni ya siku tatu inafaa: maji yoyote uani ambayo siku tatu baada ya mvua bado yapo yanahitaji kuondolewa. Jambo hili halikugunduliwa jana. Mradi wa kudhibiti malaria mijini uliosaidiwa na Japani, Dar es Salaam na Tanga, kati ya 1988 na 1996, ulihusisha kuzibua mitaro pamoja na dawa.

Maji ya jikoni na bafuni ni habari nyingine, na mtaro wa mvua si mahali pake. Mafuta ya kukaangia huganda kwenye sakafu ya mtaro, mchanga hunata juu yake, na baada ya miezi kadhaa una ngozi ngumu isiyotoka kwa maji. Yapelekwe kwenye shimo lake. Kuhusu wale wanaosubiri mvua kubwa usiku ili watapishe vyoo, sina ushauri kwao. Kipindupindu kilichoanza jijini Agosti 2015 kilitukumbusha kinyesi kikiingia majini kinafika wapi. Ni kosa, na jirani anayenyamaza kwa kuona haya anawaweka wanawe hatarini.

Sasa niseme kuhusu vitofali vya kutandaza uani. Imekuwa fasheni: kiwanja kizima kinafunikwa, kuanzia getini hadi choo cha nje, hakuna hata shimo la mwembe. Uwanja unapendeza, haufagiliwi vumbi, na gari haligusi tope. Lakini zile lita 30,000 nilizozitaja, ambazo udongo wa kichanga ungekunywa sehemu kubwa yake, sasa zote zinakimbilia mtaroni kwa mara moja. Mtaro uliokuwa unatosha hautoshi tena, na hakuna aliyeupanua. Mimi naona ni hasara kwa mji mzima. Tandaza pale gari linapopita na watu wanapokaa. Kwingine acha ukoka, ambao hushika udongo na kunywa maji, na hauhitaji zaidi ya kukatwa. Kama umeshatandaza kila mahali, ng'oa safu chache kando ya uzio ujaze kokoto.

Ubaya mwingine ni kifusi. Mtu ananunua kiwanja cha bondeni, anamwaga malori ya kifusi hadi kimekuwa juu ya wenzake, na maji yaliyokuwa yakituama kwake yanahamia kwa bibi aliyejenga hapo zamani. Yule bibi naye atafanya nini? Atajenga ukuta mdogo mlangoni, kisha mrefu zaidi. Wengi wameishia kuingia ndani kwa kushuka ngazi. Kama ni lazima uinue kiwanja, jenga kwanza mtaro pembezoni, upande wa chini, unaopokea maji yako kabla hayajavuka mpaka, ndipo umwage kifusi. Mkishindwana, serikali ya mtaa na baraza la kata vipo kwa ajili ya kupatanisha, na mjumbe aliyeitwa aone maji yakiwa yanatiririka husadiki haraka kuliko aliyesimuliwa kiangazi. Piga picha mvua ikiwa inanyesha.

Wakazi wa vilimani, Goba, Kimara, Kinyerezi na kwingineko, hawana shida ya maji kutuama. Shida yao ni kasi. Maji yanateremka na udongo, na mtaro wa moja kwa moja kutoka juu hadi chini hugeuka korongo katika misimu michache. Huko mtaro uwe na ngazi, kila baada ya mita chache maji yaanguke kwenye sakafu ngumu yapumzike. Pale yanapotoka, wekeni mawe makubwa, maana mdomo usio na mawe hujichimbia kurudi nyuma hadi unabomoa mtaro wenyewe. Mchaichai, vetiva na ukoka hushika kingo. Viroba vya mchanga ni vya dharura: jua huvichana katika miezi michache, na mchanga wake unakwenda kuziba mtaro wa chini.

Na ukuta wa kuzuia udongo uliojengwa bila matundu ni hatari inayongoja siku. Maji yakijaa nyuma yake kwa kimo cha mita 1, yanausukuma kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa karibu kilo 500 kwa kila mita ya urefu, na hapo msukumo wa udongo wenyewe haumo. Matundu ya kutolea maji yawepo kila baada ya mita 1.5 hivi, na nyuma yake kuwe na kokoto, si udongo mtupu. Kiangazi chukua kipande cha nondo uyazibue moja moja. Baada ya mvua yatazame. Tundu lililo kavu wakati mengine yanatoa maji ni tundu lililoziba. Uzio wa kawaida ulio kwenye njia ya maji nao uachiwe matundu chini. Ukuta wa tofali uliozuia maji ya mtaa mzima huanguka, na watoto hupenda kucheza kando yake.

Mabondeni kama Mikocheni na Msasani, ambako maji ya chini ya ardhi yako karibu, shimo la mawe la kunywesha maji ya mvua mara nyingi halisaidii, kwani masika lenyewe hujaa kutoka chini. Kabla ya kulichimba popote, fanya jaribio. Chimba kishimo cha sentimita 30 kila upande, kwenye kina ambacho shimo litafika. Jaza maji, yaache yanywewe, jaza tena utazame. Yakimalizika kwa saa chache, udongo unakunywa. Yakilala hadi kesho yake, usipoteze fedha, tafuta njia ya kuyatoa nje. Udongo mweusi wa mfinyanzi ndio mgumu kuliko wote: haunywi, na ukilowa huvimba, ukikauka hunywea na kupasuka, msingi ukafuata. Shimo hilo liwe mbali na nyumba kwa mita 5, na mbali zaidi na kisima.

Kwa aliyejenga kwenye bonde lenyewe la mto sina ufundi wa kumpa. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na baadhi ya wakazi wa Bonde la Msimbazi wakahamishiwa Mabwepande. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Mtaro wa sentimita 30 hauwezi kubishana na mto. Kama unatafuta kiwanja, kitazame Aprili, usikitazame Agosti.

Kwa waliobaki, ratiba ya mwaka si nzito. Kiangazi kazi kubwa: mdomo, kidaraja, kishimo, mteremko, nyufa, gata. Katika masika, kila baada ya mvua ya maana, pita na reki na ndoo. Septemba rudia kwa ajili ya vuli. Na walau mara moja kwa mwaka chukua mwavuli utoke mvua ikiwa imekolea, uzunguke nyumba. Dakika kumi za hapo zitakuonyesha ambacho fundi hataki kukuambia. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, mtaa ukubaliane kuanza na nyumba ya chini kabisa ukipanda, badala ya kila mmoja kukwangua mbele ya geti lake kwa saa yake.

Na fundi wa mtaro asilipwe fedha zote kabla ya kupimwa. Bakiza sehemu ya malipo. Saruji ikishashika, mwaga ndoo kumi upande wa juu mbele yake, msimame wote mkitazama. Yasipofika mwisho, arudie.